Siku Tuliyoikandika Nyumba ya Cucu Watano Watano

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa ya chaki. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ukumbi wa jumuiya katika lokesheni yetu, mtaa wa Waafrika pale Embu mjini, ulihitaji msichana wa kufagia, kufungua madirisha na kuandika matangazo kwenye ubao mweusi uliotundikwa kando ya mlango. Ukumbi wenyewe tuliuita holi. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu lokesheni ilikuwa na watu wa kila upande: Waembu wa hapa hapa, Wambeere waliopanda kutoka Kiritiri, Wameru waliofuata waume zao walioajiriwa mjini, na mafundi wachache Waislamu ambao Kiswahili chao kilitufanya sisi wengine tujione kama watu waliovaa viatu vya kuazima.

Mengi niliyoandika yalikuwa mambo madogo. "Jumatatu, darasa la kushona, njoo na sindano yako." "Alhamisi, daktari wa meno, njoo na mtu wa kukushika." "Amepotea mbuzi mweupe mwenye tabia ya kula nguo. Ukimwona, anua kwanza nguo zako, kisha umlete." Watu walipita, wakasoma, na wasiojua kusoma wakanisubiri nitoke na ufagio niwasomee. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni, na kwa kijana ambaye hakuiona acha nieleze kidogo. Vijijini kulikuwa na vifo na machozi ambayo sitayafanyia mzaha. Baba wengi wa lokesheni yetu walikuwa kizuizini. Lakini hata katika miaka kama ile watu huamka, huchota maji, hubishana na hucheka, na sheria nyingi zilikuja juu ya mambo hayo hayo ya kila siku. Saa kumi na mbili jioni tarumbeta ililia katika kambi ya magadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, na kila mtu akatakiwa awe ndani kwake. Panga zote zilikusanywa zikawekwa kambini. Na watu zaidi ya watano hawakuruhusiwa kukusanyika bila kibali cha Bwana DO, afisa wa wilaya.

Hiyo ya watu watano ndiyo iliyotusumbua zaidi. Kwaya ya kanisa iliimba vizuri Jumapili, kwa sababu ibada iliruhusiwa, lakini mazoezi ya katikati ya wiki yalihesabiwa kuwa mkutano. Basi sauti za kwanza zilifanya mazoezi Jumanne na sauti za nne Ijumaa, na zilipokutana kanisani kila moja ilishangaa kusikia nyingine zinaimba nini. Mpira peke yake ulikuwa na kibali cha kudumu, kwa kuwa Bwana DO aliupenda. Wanaume ishirini na wawili waliweza kufukuzana uwanjani mchana kutwa. Wanawake sita kisimani walikuwa hatari.

Katika lokesheni hiyo aliishi mwanamke mzee ambaye sote tulimwita Cucu, neno letu la nyanya. Hakuwa nyanya ya mtu yeyote pale. Mume wake alikuwa fundi wa mawe aliyekufa zamani, na mwanawe mmoja alikuwa kizuizini. Kazi ya Cucu ilikuwa kulea watoto wetu. Kila asubuhi mama waliofanya kazi kwenye dobi la hospitali, mahotelini na sokoni walimletea watoto, kumi, kumi na mmoja, na jioni wakawachukua wameshiba na wamelala. Hakuna aliyemtuma wala kumwajiri. Ukimwuliza kwa nini, alikuambia, "Kelele yao inanizuia kusikia magoti yangu."

Jumatatu moja, baada ya mvua kubwa, ililetwa barua kwa Cucu kutoka kwa mkaguzi wa usafi, yule tuliyemwita Bwana Afya. Cucu aliniita niisome.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati ya madebe yaliyonyooshwa, na mvua ilikuwa imeubambua ukuta mpaka fito zikaonekana kama mbavu. Barua ilisema mambo mawili. La kwanza, kuta zote zikandikwe upya, pasiwe na ufa wala tundu. La pili, litobolewe dirisha, na upana wake usipungue fimbo ya kupimia ya Bwana Afya. Angekuja Jumamosi saa mbili asubuhi. Akikuta bado, nyumba ingebomolewa na mwenye nyumba angerudishwa kwao.

"Anataka nizibe matundu yote?" Cucu akauliza.

"Ndiyo, Cucu."

"Halafu nitoboe moja?"

"Ndiyo, Cucu."

"Huyu mtu ana mke?"

"Sijui, Cucu."

"Hana. Mwenye mke angeambiwa nyumbani achague moja."

Tulicheka, kisha akaikunja barua mara nyingi sana mpaka ikawa ndogo kama punje. Kwao palikuwa karibu na msitu. Mwaka uliotangulia watu wa huko walikuwa wameondolewa makwao na kuwekwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na miiba, na shamba lake lilikuwa limebaki nje ya handaki. Angerudishwa mahali ambapo hakuwa na kibanda, wala mwana, wala hata mtoto wa mtu wa kumlilia mgongoni. Nilikuwa msichana mdogo lakini hilo nililielewa bila kuelezwa.

Basi nilikwenda holi, nikachukua chaki, nikaandika kwa herufi kubwa: "Wanatakiwa watu wa kujitolea kuikandika nyumba ya Cucu siku ya Ijumaa."

Hakuja mtu. Jumanne nzima watu walisoma, wakaitikia kwa kichwa, wakaenda zao kwa haraka kuliko kawaida. Mama mmoja aliyeuza ndizi mkabala na holi, mama wa mapacha, Mbeere wa Kiritiri mwenye mdomo usio na kufuli, ndiye aliyenihurumia.

"Binti, umeandika vibaya," aliniambia, ameketi juu ya sanduku la sabuni alilolifanya kiti.

"Kuna herufi imeruka?"

"Herufi ziko. Lakini mara ya mwisho nilipoambiwa kwamba nimejitolea, nilichimba handaki wiki mbili na gadi nyuma yangu. Wewe unawaita watu wote kwa ubao, kama serikali. Nani alikufundisha kuomba hivyo? Njoo kwangu, keti, sema, 'Mama mapacha, nina shida.'"

"Mama mapacha, nina shida."

"Sina nafasi," akasema, "lakini nitakuja. Sasa nenda kwa mwingine."

Niliufuta ubao. Kwa vijana wanaoniuliza leo namna ya kupata watu wa kusaidia kazi za mtaa, nawaambia nilichofundishwa kando ya lile sanduku la sabuni. Nenda mlango kwa mlango. Keti. Mwambie mtu shida ni ya nani. Kwetu kazi ya kusaidiana, ngwatio, haikuanza na ubao. Ilianza na mtu kuingia nyumbani kwako na kukataa kuondoka. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa na wanawake kumi na watano.

Kumi na watano ni mkutano mara tatu. Nilikwenda kuomba kibali, na karani wa ofisi akachukua fomu.

"Kusudi la mkusanyiko?"

"Kukandika nyumba."

"Fomu haina kukandika. Ina siasa, ina dini, ina michezo."

"Andika michezo."

"Mtachezea uwanja gani?"

Aliiweka fomu kando, akaniambia jibu lake huchukua wiki mbili. Akaongeza kwa sauti ya chini, akijifanya anatafuta wino, kwamba watu watano hawahitaji fomu, na kwamba watano wakitoka na watano wengine wakaingia, hao wa pili nao ni watano. "Lakini wasikutane njiani," alisema. "Nitamtuma gadi ahesabu."

Basi nikapanga makundi. Waembu wataanza asubuhi, wabandue udongo wa zamani na kuukanyaga mpya. Wambeere wataingia saa nne, wafunge fito, watoboe dirisha na kukandika safu ya kwanza. Wameru wataingia mchana na kumaliza safu ya juu, ile ya kulainisha. Mama mapacha nilimweleza mambo ya dirisha kwa kirefu, kwa kuwa yeye ndiye angelitoboa, na akaniahidi ubao mzuri wa fremu. Wameru sikuwaambia neno. Nilidhani mtu akiona dirisha atajua ni dirisha. Tafadhali likumbuke kosa hilo, kwa sababu ni langu.

Ijumaa asubuhi gadi alikuja. Alikuwa mtu wa Ruiri huko Umeruni, mrefu mwembamba, mwenye koti la serikali lililofika magotini. Bunduki hakupewa, alikuwa na panga moja ya kambi, ambayo tuliruhusiwa kuitumia yeye akiwa anatazama. Kazi yake ya kuhesabu watu ilimpa taabu kubwa. Kwao, kama kwetu, mtu hahesabiwi kwa sauti, na mtoto ndiyo kabisa. Kumhesabu ni kumwonyesha balaa mahali alipo. Basi alikuwa na njia yake. Mfuko wa kulia wa koti ulijaa maharagwe. Kila mtu alipoingia, alihamisha haragwe moja kwenda mfuko wa kushoto bila kusema chochote, akitazama mbinguni kama mtu anayefikiria mvua.

"Afande," Mwembu mmoja alimwita kutoka kwenye shimo la udongo, "mimi ni haragwe lipi?"

"Wewe ni lile lenye wadudu."

"Basi usinipike na wenzangu!"

Shida ya kwanza ilikuwa watoto. Siku ile Cucu hakuweza kuwalea, maana alikuwa anatupikia uji nyuma ya nyumba ya jirani, na kwa desturi mwenye nyumba huipa mgongo nyumba inayokandikwa. Kuwachungulia wakandikaji ni kuwaambia huwaamini. Kwa hiyo mama walikuja na watoto mgongoni, na gadi akasimama na haragwe hewani.

"Huyu wa mgongoni ni mtu?" aliuliza.

"Afande!" mama yule akang'aka. "Unataka kumhesabu mwanangu?"

Gadi alilirudisha haragwe haraka kama limemchoma. Alifikiri. Kisha akatoa hukumu ambayo nadhani haikuandikwa katika kitabu chochote cha serikali: mtoto asiyetembea ni mzigo, hahesabiwi; mtoto anayetembea ni mtu. Kwa usalama zaidi, watoto wote wapelekwe holi na mimi nikae nao. Niliwakusanya. Wanaotembea walikuwa wanne, na mimi wa tano. Wasiotembea walikuwa saba. Tulikuwa mkusanyiko halali wenye mafurushi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Acha niwaeleze udongo, kwa sababu nasikia sasa watu hununua rangi na kudhani ukuta umekwisha. Udongo mwekundu peke yake hupasuka ukikauka. Unautia maji, unaukanyaga kwa miguu mpaka ukunase kama hautaki uondoke, kisha unatia samadi ya ng'ombe, majivu na nyasi zilizokatwa fupi. Ukiufinyanga bonge la ngumi na kulidondosha, lisitawanyike wala lisijibwage kama uji. Safu ya kwanza unaitupa kwa nguvu ishike fito. Ya pili unaipaka kwa kiganja, taratibu, kama unampaka mtoto mafuta. Nilitoka holi kidogo saa sita kuchungulia, na Wambeere walikuwa wametoboa dirisha safi, wamelizungushia ile fremu ya ubao, na mama mapacha amepitisha kichwa humo akiniita nije nimwone malkia. Gadi aliwaondoa kwanza, akangoja mpaka wa mwisho alipopotea kwenye kona, ndipo akawaruhusu Wameru waingie. Kwa hiyo makundi hayakusalimiana hata kwa kope.

Aliporudi holi kutukagua, maharagwe yake yalilingana na sisi. Aliridhika. Akasimama mlangoni akijipepea na kofia.

Katika yale mafurushi saba kulikuwa na msichana mmoja mnene wa mwaka na nusu, ambaye mama yake alikuwa amesubiri atembee mpaka akachoka, akapeleka ombi kanisani. Msichana yule aliliona koti la gadi. Sijui ni vifungo vya shaba au ni nini. Alishika benchi, akasimama, akaliachia benchi. Akapiga hatua moja. Akatutazama wote kutuuliza kama tumeona. Kisha akatembea, hatua tano, sita, mikono juu, mpaka kwenye koti, akalishika kwa nguvu zote.

Nilipiga kelele za furaha. Halafu, kwa ujinga wa msema kweli wa miaka kumi na saba, nikasema, "Afande, sasa tumezidi."

Gadi aliingiza mkono mfukoni. Akalitoa haragwe, akalitazama, akamtazama mtoto, naye mtoto akamtazama yeye. Akalirudisha haragwe. Akainama, akamnyanyua msichana, akamweka begani.

"Akibebwa," alisema, "bado ni mzigo."

Kila alipomshusha alitembea. Kila alipotembea tulikuwa tumevunja sheria. Basi serikali ilimbeba mtoto mchana kutwa ndani ya holi, ikimwimbia kwa Kimeru wimbo wa kuita ng'ombe, na ndiyo maana hakuwepo mtu mwenye cheo wala mwenye maagizo nyumbani kwa Cucu mpaka saa kumi na nusu.

Tulipofika huko, mimi, gadi, mzigo wake na msururu wa watoto, Wameru walikuwa wamekaa chini kwa furaha ya kazi iliyokwisha. Kiongozi wao alikuwa mama wa Githongo, mwanamke mpana asiyependa utani wa wengine, ila wake.

"Umewahi kuona ukuta kama huu?" aliniuliza.

Sikuwa nimeona. Ulikuwa laini kama chungu. Walikuwa wameuchora kwa vidole, mawimbi marefu kutoka pembe hadi pembe. Hayakukatizwa na kitu chochote.

"Dirisha liko wapi?" nikauliza.

"Dirisha gani?"

"Lililokuwa hapa."

"Lile tundu?" Akashusha sauti kwa huruma. "Binti, wale dada zetu wa chini walikuwa wameacha tundu ungepitisha ndama. Kwao kuna joto, hawajui. Tukaliziba kimya kimya ili wasiaibike."

Lazima mwelewe Githongo. Kule juu mlimani ukungu huingia nyumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Mwanamke akikandika nyumba ya mwenzake na kuacha hata tundu la kidole, itasemwa mwaka mzima kwamba alitaka watoto wa yule mwenzake wakohoe. Mama wale walikuwa wamefanya kitu cha upendo, na walikuwa wamekifanya vizuri sana, kwa fito mpya zilizobakizwa na Wambeere, zikasukwa mara mbili.

"Na mbao zake?" nikauliza.

"Zilikuwa zimesahauliwa humo. Tulimpelekea Cucu achochee moto wa uji."

Nyuma yetu Cucu alikuwa amekuja na mwiko mkononi. Siku nzima alikuwa ameipa mgongo nyumba yake kama desturi inavyotaka, na hii ndiyo mara ya kwanza kuitazama. Nilimweleza kwa Kiembu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimepikia dirisha langu," akasema.

Akaugusa ukuta kwa kidole, pembeni, asiharibu michoro. "Ni mzuri," alisema. "Wacheni tu. Wataibomoa ikiwa safi."

Hapo ndipo mama wa Githongo alipoelewa barua ilikuwa imesema nini, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Uso wake ukamshuka wote. Lakini hakuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu. Alimgeukia gadi.

"Afande. Leta panga, ukate."

"Mimi nimetumwa kuhesabu. Nyinyi kateni, nitatazama."

"Fito mbichi zilizosukwa mara mbili, na saa inakwenda? Kwenu Ruiri, fito hukatwa na nani?"

"Wanaume."

"Kwetu pia. Kwa Waembu pia. Udongo ni wetu, mti ni wenu, tangu dunia iumbwe. Sasa mwanamume hapa ni nani? Naona wanawake. Naona watoto. Naona koti refu."

Gadi alimshusha msichana, ambaye mara moja alitembea, na hakuna aliyemtazama. Akavua koti, akalitundika kwenye mti wa kamba ya nguo, akachukua panga na kuupiga ukuta ule mzuri kwa mapigo ambayo yalimfanya mama wa Githongo afumbe macho.

Mama mapacha alisikia kelele kutoka kwake, akaja mbio na ndoo ya maji mkononi.

"Nani amekula dirisha langu?"

"Ni mimi," alisema mama wa Githongo.

"Niliacha mahali pa hewa, wewe ukapafanya ghala la viazi!"

"Nawe uliacha lango la ng'ombe! Ungesema!"

"Ningesemaje? Kwa maharagwe?"

Wakatazamana, na yule wa Githongo ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake. Lakini gadi alikuwa amekata kwa kipimo cha mkono wake yeye, mkono wa mtu mrefu, na sasa tulikuwa na tundu kubwa mno lenye kingo zinazobomoka, bila ubao wa kulizuia, na jua limeshuka. Mama mapacha alilitazama tundu. Akaondoka. Aliporudi alikuwa amebeba kichwani kiti chake, lile sanduku la sabuni, na akakipiga teke kitako chake mpaka kikatoka. Likabaki pande nne za ubao mgumu. Tulilisimamisha ndani ya tundu, na likabaki na pengo la shibiri kila upande.

"Udongo!" alisema mama wa Githongo.

Sikumbuki nani aliingia baada ya nani. Waembu walirudi kutoka majumbani mwao. Mmoja alichota, mmoja alikanyaga, mwingine alishika sanduku lisipinde, Cucu mwenyewe akatupa udongo kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado na mwiko, na gadi akawa ndani, ameliegemea sanduku kwa bega, akipokea mabonge na kuyagandamiza kwa viganja, udongo umefika viwikoni. Hakuna aliyeimba, hakukuwa na muda. Nilikuwa naziba pembe ya chini nilipoona hakuna tena udongo unaorushwa. Tulikuwa tumesimama sote pamoja, tumeona kwamba sote tuko pamoja. Bila kuhesabu kwa sauti, najua tulipita kumi.

Kila mtu alimtazama gadi. Gadi aliitazama mikono yake. Alilitazama koti lililotundikwa kule mtini, na mifuko yake yote miwili.

"Mikono yangu ina udongo," alisema. "Siwezi kushika maharagwe."

Tarumbeta ililia. Tulikimbia kila mtu na njia yake, na gadi akakimbia kuelekea kambini na koti mabegani.

Jumamosi saa mbili Bwana Afya alifika. Alikuwa Mzungu mfupi mwenye soksi ndefu, na fimbo yake ilikuwa imechorwa mistari. Wanawake walikuwa wamejipanga mbali, watano kisimani, watano kwenye kamba za nguo, watano mlangoni kwa mama mapacha, wote wakijifanya wana kazi. Cucu alikuwa ameketi nje juu ya furushi la vitu vyake, amekwisha kulifunga, shuka imepigwa mafundo mawili. Hakuwa ameniambia. Alikuwa amelifunga baada ya tarumbeta.

Bwana Afya alizunguka nyumba akigonga kuta. Hapakuwa na ufa. Alisimama mbele ya michoro muda mrefu kidogo. Kisha akaja kwenye dirisha, akainua fimbo, akailaza ndani ya sanduku. Fimbo iliingia, ikagusa ubao upande huu na ubao upande ule, ikakaa. Usingeingia hata unyasi mmoja zaidi. Aliisukuma kujaribu, akapaka kiwiko chake udongo mbichi, akakitazama kiwiko.

"Udongo huu umekandikwa lini?"

"Juzi juzi, Bwana," nikasema.

Alisoma maandishi yaliyochapwa kwenye ubao, jina la ile sabuni, akayasoma tena kana kwamba yangemweleza kitu. Kisha akaandika kwenye karatasi yake, akasema kwa Kiswahili cha kuamrisha kwamba nyumba imepita, na akaenda kwenye nyumba iliyofuata akifuta kiwiko.

Cucu alikuwa amemtazama mdomo tu, kwa sababu Kiswahili cha Bwana Afya hakikumfikia.

"Amesema nini?"

"Amesema unakaa, Cucu."

"Hapa?"

"Hapa."

Alibaki ameketi. Nilidhani atalia, na nilikuwa tayari kulia naye. Badala yake aliinuka, akaingia ndani, na baada ya muda uso wake ukatokea ndani ya lile sanduku. Alitazama kisima, akatazama kamba za nguo, akatazama wanawake kumi na watano waliokuwa wamesimama mbali mbali, mikono mitupu, wakingoja kusikia.

"Nyinyi mnasimama hapo kwa nini?" aliwapigia kelele. "Hamna kazi? Leteni watoto!"

Wakaja mbio wote kwa pamoja.